Mzee Mwinyi na mageuzi ya 1984 hadi 1995: yalifanyika kwa hatua zipi?

Chipukizi wa Mkuranga

Heshima kwenu wakuu. Naandaa mada ya mdahalo wa kidato cha sita: "Ali Hassan Mwinyi kama mwanamageuzi", yaani yule Rais wa pili wa Tanzania. Karibu kila ninachosoma kinasema alifungua milango ya uchumi, halafu kinaishia hapo. Hapo pa kuishia wao ndipo ninapotaka kuanzia mimi. Wenye kujua mambo haya naomba mnisaidie.

Alijiuzulu uwaziri mwaka 1977 kwa sababu ipi hasa, na ikawaje mtu aliyetoka serikalini namna ile akawa Rais miaka minane tu baadaye? Mageuzi ya biashara yalianza 1984 au 1986? Naona tarehe zote mbili. Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, ilikuta wengi wanataka chama kimoja, mbona vikaja vyama vingi? Na mwisho, ikiwa mageuzi yalikwenda vizuri, kwa nini wahisani walisimamisha misaada mwaka 1994?

---

Daftari la Zamani

Karibu kijana. Nijibu la kwanza, wengine watakuja na ya uchumi na sheria.

Mwinyi alizaliwa tarehe 8 Mei 1925 Kivure, huko huko Mkuranga, akapelekwa Unguja angali mdogo kwa ajili ya masomo ya dini. Akakulia Mangapwani. Alisomea ualimu, akafundisha, akaenda Uingereza kuongeza elimu, akarudi kuongoza chuo cha ualimu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu Zanzibar, kisha akahamia kwenye shirika la biashara la serikali. Hapo pa biashara usiparuke, maana aliona kwa macho yake jinsi shirika moja linavyoagiza kila kitu cha nchi nzima na jinsi linavyokwama. Mwaka 1970 akaitwa Dar es Salaam, Ofisi ya Rais. Akashika Afya kuanzia 1972, na mwaka 1975 Mambo ya Ndani.

Sasa mkasa wenyewe. Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji mengi ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Mwaka 1976 polisi na watu wa usalama waliendesha operesheni ya kuwasaka wahusika, wakakamata watu wengi, na katika kuwahoji wakawatesa. Baadhi ya mahabusu walifia mikononi mwao. Habari zilipothibitika, Januari 1977 Mwinyi akajiuzulu kwa sababu polisi walikuwa chini ya wizara yake. Hakukuwa na madai kwamba aliamuru mateso au kwamba aliyajua. Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, Peter Siyovelwa, naye alijiuzulu, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kufungwa.

Wengi huandika kwamba "alifukuzwa" au kwamba "alikuwa na hatia". Ukisema hivyo kwenye mdahalo, mpinzani wako akijua tarehe zake atakumaliza. Aliwajibika kisiasa kwa makosa ya walio chini yake, na kwa nchi yetu hilo lilikuwa jambo zito mno wakati ule na hata leo. Ndilo lililomrudisha pia. Alipelekwa Misri kuwa balozi, akakaa Cairo kwa miaka kadhaa bila kelele wala kulalamika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akarudishwa kwenye baraza la mawaziri.

Kisha ikaja Januari 1984. Halmashauri Kuu ya CCM, chama pekee wakati ule, ilikutana Dodoma na kumbana Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, kwa kuandaa hoja ya kisheria ya kutaka muundo wa serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Jumbe akajiuzulu nyadhifa zote. Palihitajika mtu anayekubalika pande zote, asiye na kundi na asiye na doa la ubinafsi. Mwinyi akakaimu, na Aprili mwaka huo akachaguliwa Rais wa Zanzibar. Kufikia Agosti 1985 chama kilipotafuta mrithi wa Mwalimu Nyerere, majina mazito yalikuwa matatu: Mwinyi, Salim Ahmed Salim na Rashidi Kawawa. Likapita la Mwinyi. Tarehe 27 Oktoba 1985 wananchi wakapiga kura ya Ndiyo au Hapana kwa mgombea huyo mmoja, na akaapishwa tarehe 5 Novemba.

---

Mvuna Karafuu

Kuhusu 1984 au 1986: zote mbili ni sahihi, ila yategemea unazungumzia upande upi wa bahari.

Zanzibar ilianza 1984, na sababu ni karafuu. Uchumi wa visiwa ulisimama juu ya zao hilo moja, linunuliwe na shirika moja la serikali na liuzwe nje. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wanaotia karafuu kwenye sigara zao. Indonesia ikapanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza, na bei duniani ikaporomoka. Serikali ikawa haina tena fedha za kigeni za kuagiza mchele, sukari, unga na nguo, ilhali ni serikali peke yake iliyoruhusiwa kuagiza. Basi foleni.

Mwinyi, akiwa na Waziri Kiongozi wake Seif Sharif Hamad, akawaruhusu wafanyabiashara binafsi waagize bidhaa kwa fedha za kigeni walizonazo wenyewe. Ufunguo wa hatua ile ni kwamba mtu hakuulizwa dola kazipata wapi. Wapo waliokuwa na jamaa Oman na Ghuba, wapo waliokuwa wameficha nje kwa miaka. Fedha iliyokuwa imelala ikarudi kwa sura ya shehena, na maduka ya Darajani, soko kuu la mjini Unguja, yakajaa kwa muda mfupi.

Usisahau Katiba ya Zanzibar ya 1984. Ndani yake mna haki za binadamu, na mna Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe wa kuchaguliwa na wananchi. Kwa nchi iliyotawaliwa kwa miaka mingi baada ya 1964 kwa amri za Baraza la Mapinduzi, hilo lilikuwa geuzi kubwa kuliko bidhaa zilizojaa madukani. Linastahili nafasi katika mada yako.

Lililoharibika: bidhaa ziliingia Unguja kwa ushuru mdogo, kisha zikavushwa kwa majahazi kwenda Bara usiku. Mwanya huo wa tofauti za ushuru kati ya Unguja na Dar uliwatesa watoza kodi kwa miaka mingi baadaye. Wa hesabu watakueleza.

---

Hesabu za Hazina

Nachukulia hapo. Bara nako kulianza 1984, ila kwa bajeti ya Juni, Nyerere akiwa bado Ikulu. Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alishusha thamani ya shilingi hadi karibu 17 kwa dola, akaondoa baadhi ya ruzuku, akafuta udhibiti wa bei kwa bidhaa nyingi, na akaruhusu uagizaji kwa fedha za mtu mwenyewe. Kwa hiyo anayesema Mwinyi alianza kila kitu anakosea, na anayesema Nyerere alikataa kila kitu naye anakosea. Alichokataa Mwalimu tangu 1979 ni masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, hasa kushusha shilingi kwa kiwango walichotaka wao.

Mwinyi alipoingia hali ilikuwa hivi: mfumuko wa bei karibu asilimia 30, viwanda vinafanya kazi chini ya uwezo kwa kukosa vipuri, mazao yameoza vijijini kwa kukosa malori na magunia, na hakuna dola za kununulia mafuta. Wahisani wengi walisema hawatoi fedha mpaka nchi ielewane na IMF. Hatua zake zilikwenda kwa mfuatano huu, na mfuatano ndio kiini cha mada yako.

Juni 1986 shilingi ilishushwa kutoka kama 17 hadi 40 kwa dola. Agosti mkataba na IMF ukasainiwa, na Mpango wa Kufufua Uchumi wa miaka mitatu ukaanza. Kushusha shilingi kulilenga mkulima: pamba au kahawa ikiuzwa dola ile ile, bodi ya mazao, yaani shirika la umma linalonunua na kuuza zao hilo, inapata shilingi zaidi ya mara mbili, hivyo inaweza kumlipa zaidi. Tatizo ni kwamba bodi na vyama vikuu vya ushirika vilikuwa na madeni makubwa Benki ya Taifa ya Biashara, na sehemu kubwa ya nyongeza ikamezwa na gharama na madeni kabla haijafika kwa mkulima. Ndiyo maana uzalishaji haukuruka kwa kasi iliyotarajiwa.

Mwaka 1988 ukaja utaratibu wa leseni huria: anayetaka dola kwa bidhaa zilizoorodheshwa anaomba na kupewa bila kupangiwa mgawo na kamati. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuvutia wawekezaji. Mwaka 1991 Sheria ya Benki ikaruhusu benki binafsi kwa mara ya kwanza tangu 1967, na kikaundwa chombo cha kubeba mikopo mibovu ya Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka 1992 yakafunguliwa maduka ya kubadilishia fedha, na tangu hapo kuwa na dola mfukoni hakukuwa kosa tena. Agosti 1993 kiwango cha Benki Kuu na kile cha soko vikaunganishwa kuwa kimoja. Mwaka huo huo sheria za bodi za mazao zikarekebishwa ili wanunuzi binafsi waingie vijijini, na kiwanda cha bia kikauzwa nusu kwa Waafrika Kusini. Yalikuwapo mashirika ya umma takriban 400, kwa hiyo kazi ya kuuza iliendelea muda mrefu baada yake.

Angalia jinsi ilivyochukua miaka saba kutoka kushusha shilingi hadi kuunganisha viwango. Haikuwa siku moja ya kutangaza rukhsa.

Sababu ya mwendo huo wa polepole ni ya kisiasa. Hadi Agosti 1990 Mwenyekiti wa CCM alikuwa Nyerere, na chama kilishika hatamu: uamuzi wa Halmashauri Kuu ulikuwa juu ya serikali. Mwinyi alikuwa Rais asiyeongoza chama. Kila hatua ilibidi aipitishe mbele ya watu walioiona kama kumsaliti Mwalimu. Machi 1990, kabla hata hajapewa uenyekiti, aliwataka mawaziri wote wajiuzulu, akaunda upya baraza na kuwaacha saba nje. Hapo ndipo lilipovuma lile "fagio la chuma".

Gharama kwa mwananchi isifichwe. Shilingi iliyokuwa 17 mwaka 1985 ilipita 500 kwa dola mwaka 1994. Mshahara wa mwalimu na nesi haukufuata. Ada za shule na uchangiaji hospitalini vikarudi, na uandikishaji wa watoto shule za msingi ukashuka. Mtumishi akalazimika kufuga kuku, kuuza maandazi na kufundisha masomo ya ziada ili afike mwisho wa mwezi.

---

Kifungu kwa Kifungu

La vyama vingi ni langu.

Tume ya Rais chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliundwa mwanzoni mwa 1991 na kuwasilisha ripoti mwanzoni mwa 1992. Takwimu: asilimia 77.2 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Watu huishia hapo na kusema demokrasia ilikanyagwa. Lakini tume ilitoa hoja mbili. Ya kwanza, wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia chama hicho kibadilike sana. Ya pili, uhuru wa kujumuika ni haki ya mtu, na haki ya wachache hairuhusiwi kufutwa kwa kura ya wengi. Kwa hiyo tume ikapendekeza vyama vingi, na Mwinyi, akiwa sasa Mwenyekiti wa chama chenye kila sababu ya kukataa, akalipeleka pendekezo kwenye vikao na likapita. Nyerere naye alikuwa ameshasema hadharani kwamba mjadala huo si dhambi, na hilo lilimrahisishia kazi.

Mei 1992 Bunge lilipitisha mabadiliko ya nane ya Katiba na Sheria ya Vyama vya Siasa, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo ukaanza. Masharti ya kusajili chama: usajili wa muda wa siku 180, ndani ya siku hizo chama kipate wanachama wasiopungua 200 wenye sifa za kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi, na katika hiyo miwili iwe ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Chama cha dini, kabila au eneo moja marufuku. Vyama kadhaa vilishindwa kwenye sharti la Zanzibar.

Yaliyoachwa nje ndiyo yenye mgogoro hadi leo. Tume ilipendekeza shirikisho la serikali tatu: serikali ikakataa. Ilitaja sheria 40 zinazobana haki ambazo zifutwe au zirekebishwe: zikaguswa chache. Mgombea binafsi, asiye na chama, Mahakama Kuu ilimruhusu mwaka 1994 katika shauri la Mchungaji Mtikila, na Bunge likabadilisha Katiba haraka ili kumzuia.

Nyongeza moja: ukomo wa vipindi viwili vya urais uliingizwa katika Katiba mwaka 1984, kabla Mwinyi hajashika urais wa Muungano. Hata hivyo yeye ndiye wa kwanza kubanwa nao, na 1995 aliondoka kwa tarehe. Usimpe sifa ya kuutunga, mpe ya kuutii.

---

Chipukizi wa Mkuranga

Asanteni sana wakuu. Yamebaki mawili: Azimio la Zanzibar na misaada ya 1994. Yana uhusiano?

---

Hesabu za Hazina

Yana uhusiano wa karibu, ingawa wengi huyatenganisha.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikaamua kwamba mwanachama sasa anaruhusiwa hayo. Hoja ilikuwa na uzito: mshahara wa kiongozi ulikuwa hautoshi, wengi walikuwa wanafanya biashara kwa majina ya wake na watoto, na huwezi kuhimiza biashara binafsi huku ukimfungia kiongozi. Kosa lilikuwa kuondoa miiko ya zamani bila kuweka mipya. Ofisi ya maadili ya kupokea matamko ya mali ilikuja kisheria baadaye, 1995. Kwa miaka ile ya kati, mtu mmoja angeweza kuwa mtoa vibali asubuhi na mwombaji wa vibali hivyo hivyo jioni. Nyerere alililaumu azimio hilo waziwazi.

Sasa fuata fedha. Nchi mhisani inatoa dola ili kiwanda kiagize vipuri au malighafi. Kiwanda kinapewa dola, kisha kinatakiwa kulipa shilingi za thamani hiyo Hazina, na shilingi hizo ziingie kwenye bajeti ya shule na barabara. Wengi hawakulipa. Baadhi ni viwanda vya umma vilivyokuwa hoi kweli. Wengine ni watu wenye kujuana na wakubwa, waliopata dola wakakaa kimya. Kadiri shilingi ilivyoshuka, ndivyo deni lilivyozidi kuwa zito kulipa na tamu kukwepa.

Pembeni yake kulikuwa na misamaha ya kodi. Mwekezaji alisamehewa kwa miaka kadhaa, taasisi za dini na hisani zilisamehewa, waziri alikuwa na mamlaka ya kusamehe. Mizigo iliandikwa ya kwenda Zaire, Rwanda au Burundi, ikashushiwa Kariakoo, sokoni Dar es Salaam. Ukijumlisha na ile njia ya Unguja aliyoeleza Mvuna Karafuu, ushuru wa forodha ulivuja kila upande. Hazina ikikosa mapato inakopa Benki Kuu, na mkopo huo ndio unaopandisha bei sokoni.

Mwishoni mwa 1994 wahisani wakasimamisha misaada ya bajeti wakitaka madeni yale yakusanywe na misamaha idhibitiwe. Desemba baraza likabadilishwa: John Malecela akaondoka uwaziri mkuu, Msuya akarudi nafasi hiyo, Jakaya Kikwete akapewa Fedha badala ya Kighoma Malima. Mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996 chini ya Mkapa, Rais aliyemfuata Mwinyi.

Katika mada yako usiandike kwamba misaada ilisimamishwa kwa sababu mageuzi yalikuwa mabaya. Biashara ilifunguliwa 1984, chombo cha kukusanya kodi ya biashara hiyo kikaja 1996. Katikati hapo ndimo fedha ilimopotelea, na hukumu yangu ni kwamba huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa uongozi wake, kuliko hata mfumuko wa bei.

---

Daftari la Zamani

Mwenye hesabu kasema kweli, ila uwape wasikilizaji pia misukosuko ya 1993, maana iliuchukua muda wa Rais wakati ule ule Hazina inavuja. Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, Desemba 1992 ingawa mambo ya nje ni ya Muungano, kamati ya Bunge ikaona Katiba imevunjwa, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Mwezi huo wabunge 55 wakaleta hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika. Aliyeizima mwaka uliofuata alikuwa Nyerere zaidi kuliko Mwinyi. Wanaomwona Mwinyi mpole kupita kiasi huutumia mfano huu, na wana hoja. Wanaomtetea husema upole huo ndio ulioruhusu magazeti binafsi kuchapa na wabunge kubishana bila kuwekwa kizuizini, na hao nao wana hoja.

Kwa mpangilio wa dakika zako: anza na 1977, dakika moja na nusu, maana majaji hawaitarajii. Kisha 1984 na 1986 pamoja, ukitaja 17 na 40 kwa dola. Vyama vingi taja asilimia zote mbili, usitaje moja. Ukifika 1994 eleza jinsi shilingi za vipuri zilivyokosekana Hazina, kwa sababu neno "ufisadi" peke yake litakuacha bila jibu pindi mpinzani akiuliza ulifanyikaje. Tarehe ya kufariki ni 29 Februari 2024, Hospitali ya Mzena Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 98, na kaburi lake liko Mangapwani. Wengi wanaandika Machi kwa kuwa maziko yalikuwa tarehe 2 Machi.